Tathmini ya mafunzo ya afya ya jamii katika zahanati ya milimani, Usambara Magharibi

Mafunzo ya afya ya jamii, yale ambayo vyuo vya udaktari nchini Tanzania huwapeleka wanafunzi wao kuyafanya katika zahanati na vituo vya afya vya vijijini, ni huduma yenye walengwa wawili. Wa kwanza ni mwanafunzi, ambaye anatakiwa arudi akiwa na ujuzi asioweza kuupata wodini. Wa pili ni kijiji kinachompokea, kinachomlaza, kinachomjibu maswali na kumfungulia milango ya nyumba zake. Maoni mengi ninayoyasikia kwa wenzangu humtazama mlengwa wa kwanza peke yake: kama malazi yalikuwa mazuri, kama posho ilifika kwa wakati, kama alama zilikuwa za haki. Mimi nilipangiwa zahanati ya kijiji kilichoko juu sana katika milima ya Usambara Magharibi, wilayani Lushoto, na nimeona niandike nikiwatazama wote wawili. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji aipime kadiri anavyosoma: kwa mwanafunzi, hakuna sehemu ya miaka mitano ya masomo ya udaktari inayofundisha mengi kiasi hiki kwa muda mfupi, na ningemshauri kila mmoja aombe kupangiwa milimani; lakini kwa kijiji, huduma hii bado inachukua zaidi ya inavyotoa, na kasoro hiyo inaweza kuondolewa bila fedha nyingi.

Nianze na njia, kwa sababu milimani njia ni sehemu ya ugonjwa. Kutoka Mombo, barabara ya lami hupanda kwa kona kali kupitia Soni hadi Lushoto mjini, na hadi hapo safari haina tabu. Baada ya mji huanza barabara ya udongo mwekundu, ambayo wakati wa kiangazi hupitika kwa Noah na bodaboda, na wakati wa masika huwa tope linaloteleza hata kwa mtembea kwa miguu. Kitongoji cha mwisho kinachohudumiwa na zahanati yetu hakifikiwi na chombo chochote cha magurudumu. Ramani ya halmashauri inaonyesha kwamba kiko kilomita chache tu kutoka zahanati, nayo haikosei, lakini mama mwenye mimba ya miezi minane huhesabu saa, na kilomita hizo kwake ni mteremko wa kwenda mtoni na mpando wa kutoka mtoni. Mwanafunzi aliyezoea kumuuliza mgonjwa kwa nini amechelewa kufika hospitali huliacha swali hilo akishaipita njia ile mwenyewe.

Zahanati yenyewe ni jengo la vyumba vichache lenye bati jekundu na tangi la kuvunia maji ya mvua. Ni matunda ya sera inayojulikana: Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulioanza mwaka 2007 uliweka lengo la kila kijiji kuwa na zahanati na kila kata kuwa na kituo cha afya, na wananchi wa hapa, kama ilivyokuwa katika vijiji vingi, walisomba mawe na mchanga kwa nguvu zao kabla serikali haijamalizia. Kuna tabibu mmoja ambaye ndiye mganga mfawidhi, muuguzi mkunga mmoja, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wale tunaowaita WAJA, ambao wanaishi vitongojini na kupita nyumba kwa nyumba. Mfawidhi akiitwa wilayani kwa kikao au semina, muuguzi hubaki peke yake na kliniki ya wajawazito, kliniki ya watoto, wagonjwa wa nje, mama aliye kwenye uchungu na vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya, vinavyotakiwa kujazwa vyote kabla ya mwisho wa mwezi. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wetu halisi, ingawa katika karatasi za chuo jina la mwalimu lilikuwa la mtu mwingine.

Somo lake la kwanza lilihusu homa. Darasani tulifundishwa kuwaza malaria kwanza kila mtoto wa Kitanzania anapochemka mwili, na kwa sehemu kubwa ya nchi mafundisho hayo ni sahihi. Katika Usambara maambukizi ya malaria hupungua sana kadiri unavyopanda, kwa kuwa baridi huchelewesha vimelea kukomaa ndani ya mbu, na katika vijiji vya juu kabisa kipimo cha haraka cha malaria hutoka hasi mara kwa mara. Kwa hiyo muuguzi, kabla hajachoma kidole cha mtoto, humuuliza mama: “Mwanangu, huyu alishuka lini?” Maana yake ni kama mtoto ameshuka Mombo au Korogwe katika wiki chache zilizopita, labda kumfuata baba aliyekwenda kwenye mashamba ya mpunga au ya mkonge. Jibu likiwa ndiyo, homa ile huchukuliwa kwa uzito maradufu, kwa sababu mtoto wa mlimani hana kinga ya kuizoea malaria, na hali yake huharibika haraka kuliko ya mtoto aliyezaliwa bondeni. Jibu likiwa hapana, macho yanakwenda kifuani.

Hapo ndipo nilipoona kazi ambayo nimeikumbuka kila nilipoingia wodi ya watoto tangu siku hizo. Muuguzi alimwambia mama ampe mtoto ziwa kwanza, akangoja kilio kiishe, kisha akalipandisha shati la mtoto hadi shingoni, akaitazama saa yake ya mkononi na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima bila kusema neno. Mtoto alikuwa na miezi saba. Kwa umri wa kuanzia miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka, dalili ya nimonia, na kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya miaka mitano kikomo ni 40. Akahesabu tena mara ya pili. Akaniomba niangalie sehemu ya chini ya kifua kama inabonyea ndani mtoto anapovuta hewa. Haikuwa inabonyea, na mtoto alipewa amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha, dozi ya kwanza ikatolewa palepale mbele yetu, mama akaonyeshwa namna ya kuyeyusha na kuambiwa dalili zinazomtaka arudi hata usiku. Kisha muuguzi akamuuliza mtoto analala wapi. Alilala chumba chenye mafiga, kwa sababu Julai milimani ni baridi kali na moto wa kuni ndio blanketi la familia. Nimonia, moshi na baridi vilielezwa kwa mama yule katika mazungumzo mafupi yaliyonifundisha zaidi ya mihadhara kadhaa.

Upande wa chanjo ningependa wasimamizi wa mafunzo wautazame kwa makini, kwa kuwa unafundisha jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Chanjo ya BCG, ile ya kifua kikuu, huja kwenye kichupa cha dozi 20, na ikishachanganywa inapaswa kutumika ndani ya saa sita, baada ya hapo inayobaki hutupwa. Katika hospitali ya mjini kichupa kinaisha kabla ya saa nne asubuhi. Katika kijiji ambacho watoto wachache tu huzaliwa kwa mwezi, kumfungulia kichupa mtoto mmoja ni kutupa dozi 19, na kumrudisha mama aliyetembea saa mbili ni kuhatarisha kwamba hatarudi tena. Muuguzi wetu alilitatua jambo hili kwa kuiweka kliniki ya watoto siku ya gulio. Siku hiyo akina mama wanashuka wenyewe na mizigo ya kabichi, maharage na matunda damu, na kila mmoja ana sababu yake ya kupita karibu na zahanati. WAJA hupita siku moja kabla wakitaja majina ya watoto wanaotakiwa, na majina hayo yapo kwenye daftari dogo ambalo muuguzi amelichora mistari kwa mkono wake pembeni ya vitabu rasmi. Na hata hivyo, akija mama wa kitongoji cha mbali siku isiyo ya gulio, kichupa hufunguliwa. Alitueleza kwamba dozi zikitupwa anaandika sababu kwenye ripoti, lakini mtoto akipotea hana mahali pa kuandika.

Nilijifunza pia kwamba jokofu la chanjo milimani lina adui tofauti na yule wa pwani. Sote tunajua kwamba chanjo zinataka joto la kati ya nyuzi 2 na 8, na tunaogopa joto kuzidi. Usiku wa baridi, jokofu lililopangwa vibaya linaweza kugandisha chanjo zilizowekwa karibu na barafu, na chanjo kama Penta, ile ya magonjwa matano, ikishaganda imeharibika hata kama kichupa kinaonekana kizima na alama yake ya joto haijabadilika rangi. Muuguzi alitutolea vichupa viwili vya chanjo zilizokwisha muda, kimoja alichokuwa amekigandisha makusudi kisha kukiyeyusha, akavitikisa vyote kwa pamoja na kuviweka mezani. Katika kile kilichoganda, chembe zilishuka chini upesi na juu yake pakabaki maji maangavu, ilhali cha pili kilibaki na ukungu mweupe. Kipimo hicho hakihitaji umeme wala mashine, na mtu akikiona mara moja hakisahau.

Kwa wajawazito, tathmini yangu ni ya mchanganyiko, na hapa nawasema wenye mamlaka kwa jumla wala simlengi mtu. Tanzania imepiga hatua kubwa: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104 vitokanavyo na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015/16 ulikuwa umekadiria 556. Mfumo wa m-mama, unaomwezesha mtu kupiga namba 115 bila malipo ili mama mwenye dharura au mtoto mchanga apatiwe gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa, ni msaada wa kweli, na niliwasikia wanakijiji wakiusifu bila kuulizwa. Gari hilo, hata hivyo, linafika mwisho wa barabara. Kutoka nyumbani hadi barabarani mama hubebwa kwa machela na vijana wanaopokezana, na safari hiyo ya kwanza haimo katika fomu yoyote ya rufaa tuliyoijaza. Ndiyo maana mpango wa kujifungua ambao muuguzi anaupanga na kila mama unaanza na maswali ya watu: nani atabeba, nani atabaki na watoto, nani ana simu yenye chaji na ni mwamba gani unaotoa mtandao. Mama mwenye dalili za hatari, kama aliyewahi kufanyiwa upasuaji au aliyepanda shinikizo la damu, huombwa ashuke kwa ndugu aliye karibu na hospitali wiki kadhaa kabla ya tarehe yake. Wengine hukubali. Wengine wana mahindi shambani na hawana wa kuyalinda, na mwanafunzi anayetaka kuitwa daktari anapaswa kukaa chini na mama huyo na kulizungumza shamba kabla ya kulizungumza shinikizo la damu.

Katika chumba cha kujifungulia nilimwona muuguzi akiandaa oksitosini kabla mtoto hajatoka, ili sindano ya yuniti 10 ichomwe kwenye msuli ndani ya dakika moja baada ya kuzaliwa, kwa kuwa damu ikianza kutoka nyingi mahali pale hakuna akiba ya kumwongezea mama. Magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba ilikuwa imewekwa pamoja na mabomba yake na karatasi ya hesabu ya dozi, tayari kuchomwa kabla ya rufaa. Utayari huo ulinigusa kuliko kifaa chochote cha kisasa nilichokiona mjini.

Habari ya lishe ndiyo iliyonisumbua zaidi. Usambara ni kijani mwaka mzima; malori ya kabichi, karoti, nyanya na viazi yanashuka kila siku kuelekea Tanga na Kariakoo. Mgeni anaweza kudhani kwamba utapiamlo hauwezi kukaa mahali kama hapa, na utepe wa rangi tunaofunga mkononi mwa mtoto unaweza kumthibitishia dhana hiyo, kwa sababu watoto wengi tuliowapima walisoma kijani, yaani zaidi ya sentimita 12.5. Tulipowalaza watoto walewale kwenye ubao wa kupimia urefu na kulinganisha na umri wao kwenye kadi za kliniki, sura ilibadilika: mtoto baada ya mtoto alikuwa mfupi kwa umri wake. Utepe unaonyesha mtoto aliyekonda sasa, udumavu hauonyeshi. Kwa nchi nzima, utafiti ule wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kwa hiyo jambo hili si la mlima mmoja, lakini kuliona kwa mikono yako, ukiwa umeshika visigino vya mtoto anayelia juu ya ubao, ni tofauti na kulisoma kwenye jedwali. Akina mama walitueleza mambo wazi kabisa. Mboga, mayai na maziwa ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba, kwa hiyo huuzwa. Mama huondoka alfajiri kwenda shamba la bondeni, na mtoto mchanga hubaki na dada yake wa miaka minane, aliyeachiwa uji wa mahindi mtupu kwenye chupa ya chai. Ushauri wa “mpe mtoto mlo kamili” hauna pa kutua katika siku ya namna hiyo. Uliosaidia ulitoka kwa WAJA mmoja, mama wa makamo, aliyewaonyesha wenzake jinsi ya kusaga maharage yaliyochemshwa na kuyachanganya kwenye uji ule ule wa asubuhi, kwa kiasi cha vijiko vinavyohesabika, ili hata mtoto wa miaka minane aweze kumlisha mdogo wake sawasawa.

Sasa nifike kwenye kasoro. Sehemu kubwa ya muda wetu ilipangwa itumike kujaza dodoso. Kila mwanafunzi alipewa kaya za kutembelea, na kila kaya iliulizwa maswali marefu kuhusu choo, maji, kipato, uzazi wa mpango, magonjwa na vifo. Tulifuata utaratibu wote: barua kutoka chuoni kwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, kutoka kwake kwenda kwa mtendaji wa kata, kisha wa kijiji, na mwenyekiti wa kitongoji akatuongoza nyumba kwa nyumba. Wazee walitupokea kwa heshima na kutuita madaktari hata tulipoeleza kwamba bado ni wanafunzi. Katika nyumba kadhaa tuliambiwa, bila hasira, kwamba kundi la mwaka uliotangulia liliuliza maswali hayohayo. Mzee mmoja alitaka kujua majibu yalikuwa nini. Hakuna kati yetu aliyekuwa na majibu hayo, kwa sababu ripoti ya kundi lililotangulia iliandikwa kwa Kiingereza, ikatolewa alama, na haikuwahi kurudi mlimani. Nimechunguza kwa wenzangu waliopelekwa mikoa mingine na vyuo vingine, na malalamiko hayo wanayo pia.

Kijiji hiki kina historia inayolifanya jambo hili liume zaidi. Mwaka 1980 tauni iliripotiwa wilayani Lushoto na ikaendelea kurudi kwa zaidi ya miongo miwili. Wazee wanaikumbuka mitoki iliyovimba kwenye mapaja na makwapa, wanakumbuka nyumba kupuliziwa dawa ya viroboto, na wanakumbuka kwamba watafiti waliokuja kutega panya walirudi na kueleza uhusiano wa panya, kiroboto na mahindi yaliyohifadhiwa darini. Mpaka leo mtu akiona panya waliokufa ovyo bila sumu anatoa taarifa, na hayo ni matokeo ya elimu iliyorudishwa kwa wenye nyumba. Walio wakubwa zaidi wanakumbuka pia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo watu takribani milioni mbili nchini walishiriki wakiwa katika vikundi vya kusikiliza redio. Kikundi kilisikiliza, kikajadili, kisha kikaondoka na majembe kwenda kuchimba choo au kufukia dimbwi. Watu waliowahi kushirikishwa kwa kiwango hicho wana haki ya kutarajia kwamba kijana anayeandika majibu yao kwenye karatasi atarudi na neno.

Kwamba jambo hilo linawezekana, tulikuja kuliona wenyewe. Kwa kuhimizwa na muuguzi tuliomba nafasi katika siku ya afya na lishe ya kijiji, na badala ya hotuba tukawaomba waliokuja wachore kijiji chao ardhini. Akina mama walichora njia kwa majivu, nyumba zikawa kokoto, chemchemi zikawa majani mabichi, vyoo vikawa punje za mahindi. Mchoro ulipokamilika, bibi mmoja aliyekuwa amenyamaza muda wote alisimama, akaonyesha kwa fimbo punje zilizokaa juu na jani lililokaa chini yake, akauliza maji ya mvua yanaelekea wapi. Hakuna mwanafunzi aliyehitaji kueleza chochote. Majadiliano yaliyofuata yalikuwa makali, kwa sababu vyoo vilivyokuwa juu ya chemchemi ile ni vya watu wanaojulikana, na mwenyekiti wa kitongoji alilazimika kutuliza. Kabla hatujaondoka walikuwa wamekubaliana kujengea chemchemi ukingo wa mawe na mfereji wa kuchepusha maji ya juu, na kwamba atakayechimba choo kipya hatachimba upande ule. Kazi hiyo ilichukua asubuhi moja na haikuwamo kwenye ratiba ya chuo. Dodoso letu lilikuwa na swali linalouliza kama kaya ina choo, na lingine linalouliza chanzo cha maji. Halikuwa na swali la mteremko.

Usimamizi wa chuo niliona ni hafifu. Msimamizi alifika mara moja, siku za mwisho, akakagua madaftari yetu na kuondoka kabla ya mvua. Hakukaa na muuguzi kumuuliza wanafunzi wamemsaidia nini au wamemwongezea mzigo gani, na muuguzi, ambaye alitufundisha kila siku juu ya kazi zake zote, hakupewa posho wala barua ya kumshukuru. Alama zilitoka kwa mtu ambaye hakutuona tukifanya kazi. Siamini kwamba hii ni nia mbaya. Magari ni machache, wahadhiri ni wachache, wanafunzi wameongezeka. Lakini kama fedha hazitoshi, ni bora kupeleka makundi machache kwa muda mrefu zaidi kuliko makundi mengi kwa muda ambao kijiji hakijawazoea.

Malazi yalikuwa mazuri kuliko nilivyotarajia: tulipangishwa vyumba katika nyumba ya familia inayojiheshimu, tukachangia chakula, maji na kuni kwa bei tuliyokubaliana mbele ya mtendaji. Anayepangiwa huko abebe sweta zito, viatu vya kupanda mlima, tochi, chaja ya sola na mashine yake ya shinikizo la damu yenye betri za akiba. Asiende Machi hadi Mei kama ana hiari. Asiingie nyumba ya mtu kabla ya kupiga hodi, kusalimu na kukaribishwa kukaa, na karatasi aitoe baadaye sana. Majibu ya virusi vya Ukimwi, mimba za wasichana na mambo ya ndoa asiyazungumze hata na mwenyeji wake wa nyumbani, kwa sababu mlimani kila mtu ni shemeji au binamu wa mwingine na neno halina pa kujificha.

Kwa vyuo, ninaomba mambo ambayo hayahitaji bajeti mpya. Kundi lipelekwe kijiji kilekile mwaka hadi mwaka, ili kazi ya mmoja iwe msingi wa mwenzake. Kila ripoti iwe na kurasa mbili za Kiswahili, zisizo na jina la mtu, zitakazosomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla wanafunzi hawajapanda gari, na nakala ibaki zahanati na kwa mtendaji. Muuguzi au tabibu anayefundisha apewe nafasi ya kutoa sehemu ya alama na atambuliwe rasmi kama mwalimu. Sisi kurasa zetu tuliziandika na kuzisoma. Zimo kwenye faili la buluu katika chumba cha mfawidhi, na kundi litakalofuata linaweza kuanzia hapo kwa kwenda kuiangalia ile chemchemi na kuuliza kama mfereji umestahimili masika.